Chembe za Plastiki Zinatoka Wapi, na Nyumbani Tufanye Nini? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kila tukimaliza kusafisha ufukwe, watu hukaa kivulini kupumzika na maswali huanza. Mengine huletwa na walimu, wauza samaki, vijana wa bodaboda. Haya ndiyo yanayorudi kila mara. Nimeyajibu nikitazama maisha ya huku kwetu pwani, kwa sababu ushauri mwingi unaosambaa uliandikiwa nyumba zenye mashine za kufulia na za kukaushia. Mtu anayefua kwenye beseni akiusoma huona haumhusu. Unamhusu, ila kwa njia nyingine.

## Mambo ya msingi

1. Maikroplastiki ni kitu gani?

Ni kipande chochote cha plastiki kisichozidi milimita 5, kuanzia ukubwa wa punje ya dengu hadi vumbi lisiloonekana kwa macho. Zile ndogo kupita kiasi huitwa nanoplastiki. Neno lenyewe lilienea baada ya mwaka 2004, Richard Thompson wa Chuo Kikuu cha Plymouth na wenzake walipochapisha utafiti kuhusu plastiki waliyoikuta katika mchanga na maji ya pwani ya Uingereza.

Wengi hudhani ni aina fulani ya plastiki inayotengenezwa kiwandani. Sivyo. Ndoo yako, kandambili zako, sweta lako la akriliki, vyote vinaweza kuwa maikroplastiki siku moja.

2. Zinatoka wapi hasa?

Ziko za makundi mawili. Kundi la kwanza huingia kwenye mazingira zikiwa ndogo tayari: nyuzi zinazotoka kwenye nguo, unga wa matairi, vumbi la rangi, punje za kiwandani. Shirika la Kimataifa la Uhifadhi wa Mazingira (IUCN) lilikadiria mwaka 2017 kwamba tani milioni 1.5 hivi za kundi hili huingia baharini kila mwaka duniani. Katika hizo, asilimia 35 ni za kufua nguo za sintetiki (zenye uzi wa plastiki), 28 ni za matairi na 24 ni vumbi la mijini.

Kundi la pili ni vipande vya plastiki kubwa iliyotupwa ikavunjikavunjika. Kwetu hili ndilo kubwa, kwa kuwa taka nyingi hazifiki dampo lolote lililosimamiwa. Chupa hutoka mtaroni, mvua za masika huisukuma hadi mtoni, mto huifikisha baharini, na jua humalizia kazi. Kwa hiyo ukiniuliza jambo moja la kuanza nalo, nitakujibu: zuia plastiki kubwa isizagae. Ikishasagika hakuna atakayeiokota.

3. Si wanasema plastiki haiozi? Inavunjikaje basi?

Haiozi, lakini inachakaa. Kuoza ni kuliwa na vijidudu hadi kitu kirudi kuwa udongo na hewa. Kuchakaa ni kugawanyika vipande vidogo na vidogo zaidi, na kila kipande hubaki plastiki.

Jaribio liko uani kwako. Chukua beseni lililokaa juani miaka miwili, lipitishie kidole. Utatoka na unga mweupe kama chaki. Mionzi ya jua imekata minyororo ya plastiki, na upepo, mchanga au mawimbi huumalizia usagaji. Ufukweni hali ni mbaya zaidi maana mchanga huwa wa moto na mawimbi hayapumziki.

4. Mifuko ya plastiki si imeshapigwa marufuku?

Imepigwa: Rwanda 2008, Kenya tarehe 28 Agosti 2017, Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019. Zanzibar ilitangulia mwaka 2006. Tofauti unaiona kwenye miti na mitaro, na mimi nazishukuru sana sheria hizo. Lakini zililenga hasa mifuko ya kubebea. Vifuko vyepesi vya karanga, ubuyu na barafu, chupa za maji na soda, vifuniko na mirija bado vinazagaa. Na mifuko iliyotupwa kabla ya marufuku haikuondoka. Iko chini ya mchanga, inaendelea kusagika.

## Nguo na kufua

5. Nguo inatoaje plastiki?

Poliesta, nailoni na akriliki ni plastiki iliyovutwa ikawa uzi. Nguo ikisuguliwa, nyuzi fupi hukatika na kwenda na maji. Watafiti wa Plymouth walipima mwaka 2016 wakakuta mzigo wa kilo 6 za akriliki unaweza kutoa nyuzi zaidi ya 700,000 kwa mfuo mmoja wa mashine. Nguo ya poliesta iliyochanganywa na pamba ilitoa chache zaidi.

Nguo mpya hutoa nyingi mifuo ya mwanzo, kisha hupungua. Maji ya moto na msuguano mkali huongeza. Ndiyo maana kununua nguo ya bei rahisi, kuivaa mara tano na kuitupa ni hasara mara mbili.

6. Nafua kwa mkono. Je, inanihusu?

Inakuhusu, ila uko mahali pazuri kuliko mwenye mashine. Utafiti uliofanyika China na kuchapishwa 2023 ulionyesha kufua kwa mkono hutoa nyuzi chache kuliko mashine. Kati ya vinavyoongeza nyuzi ni kuloweka kabla ya kufua na kusugua kwenye ubao.

Tatizo letu ni mahali maji yanakoenda. Penye mtambo wa kusafisha majitaka, sehemu kubwa ya nyuzi hunaswa humo. Kwetu maji ya beseni humwagwa mtaroni, na mtaro unakwenda mtoni au baharini moja kwa moja. Kwa hiyo:

- Fikicha nguo za sintetiki taratibu, bila kuziloweka kwanza. Acha kuzipiga kwenye jiwe.
- Fua kwa maji baridi, na usifue nguo iliyovaliwa saa mbili tu ikiwa haijachafuka.
- Usifulie mtoni wala ziwani.
- Kama una nafasi, pitisha maji ya kwanza kwenye kitambaa kizito cha pamba kilichokunjwa. Hakizuii chembe zote, lakini nyuzi ndefu hubaki. Kikikauka, kung'uta uchafu kwenye pipa la taka.
- Maji yakishachujwa, yamwage kwenye ardhi kavu mbali na kisima na bustani ya mboga. Kinachobaki hukaa udongoni, na hilo si jema, ila ni afadhali kuliko baharini.

Mwenye mashine aijaze vizuri, achague mzunguko mfupi wa maji baridi, na asafishe kichujio bila kukisuuza kwenye sinki.

7. Nitajuaje nguo ya mtumba ni plastiki?

Lebo mara nyingi imekatwa. Chomoa uzi mmoja kwenye pindo la ndani, uwashe kwa kiberiti juu ya sahani. Pamba huwaka kama karatasi, hunuka karatasi, na huacha majivu laini. Poliesta na nailoni hunywea, huyeyuka, na hubaki kidonge kigumu. Mchanganyiko hufanya yote mawili.

Jambo moja linaloniuma: hata kanga sasa nyingi si pamba. Ukinunua, ikunje mkononi uifinye. Ya pamba hubaki na mikunjo na hunywa maji haraka. Ya poliesta huteleza na kurudi ilivyokuwa. Mtumba wenyewe mimi siulaumu. Nguo iliyokwisha kufuliwa mara nyingi imeshatoa nyuzi zake nyingi, na kuivaa tena ni bora kuliko kununua mpya ya sintetiki. Kinachonitia wasiwasi ni zile nguo za robota zisizouzika, zinazoishia majalalani na kando ya mito.

## Jikoni na mezani

8. Maji ya chupa ni salama kuliko ya bomba?

Kwa upande wa vijidudu inategemea bomba lako. Kwa upande wa plastiki, chupa haina sifa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Columbia walichapisha mwaka 2024 vipimo vya maji ya chupa ya Marekani, wakakuta wastani wa chembe 240,000 hivi kwa lita moja, karibu asilimia 90 zikiwa nanoplastiki. Kufungua na kufunga kifuniko mara kwa mara nako husaga plastiki shingoni. Chupa iliyoachwa kwenye gari juani, au inayojazwa upya kwa miezi, ni mbaya zaidi.

Kuchemsha kunasaidia kuliko watu wanavyodhani. Utafiti wa Guangzhou, China, wa mwaka 2024 ulionyesha kwamba maji yenye chokaa nyingi yakichemshwa, ule utando mweupe unaoshika kwenye birika hunasa chembe, hadi kiasi cha asilimia 90. Maji yasiyo na chokaa yalipunguza robo tu. Maji ya visima vingi vya pwani yana chokaa kwa wingi. Chemsha kwenye sufuria dakika tano, acha yapoe na yatulie, yapitishe kwenye kitambaa safi cha pamba au chujio la udongo, uyahifadhi kwenye mtungi au chombo cha chuma. Mtungi wa bibi haukuwa ushamba.

9. Kuweka chakula cha moto kwenye plastiki kuna ubaya?

Joto ndilo adui mkubwa hapa, kuliko plastiki kukaa tu. Chips za moto kwenye kifuko, uji kwenye kikombe chepesi, ugali uliofunikwa kwa nailoni, wali uliopashwa kwenye bakuli la plastiki: vyote huongeza chembe zinazoingia kwenye chakula. Watafiti wa Trinity College Dublin waliripoti mwaka 2020 kwamba chupa za watoto za polipropilini (aina ya plastiki) zikitikiswa na maji ya moto zinaweza kutoa hadi chembe milioni 16 kwa lita.

Mama mwenye mtoto mchanga asishtuke akaacha kuchemsha vyombo. Kuharisha ni hatari iliyo mlangoni. Afanye hivi: achemshe chupa, aiache ipoe, aisuuze kwa maji yaliyochemshwa kwenye sufuria. Maziwa ayaandae kwenye chombo cha chuma au kioo, yapoe kufikia uvuguvugu, ndipo ayamimine kwenye chupa. Akiweza kupata chupa ya kioo, au kikombe kidogo cha chuma na kijiko, bora zaidi.

Mengine ni mepesi. Nenda kwa muuza chakula na bakuli lako. Mandazi yafungwe kwenye karatasi safi. Hotipoti ichaguliwe yenye chuma ndani. Kibao cha kukatia nyama kiwe cha mbao, maana cha plastiki kila mkato hung'oa vipande vinavyobaki kwenye nyama.

10. Na chai?

Majani ya chai yanayochemshwa sufuriani na kuchujwa kwa chujio la chuma hayana tatizo hili. Shida ni vile vifuko vya chai vya wavu unaong'aa, vilivyotengenezwa kwa nailoni au plastiki nyingine. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha McGill, Kanada, waliripoti mabilioni ya chembe kutoka kifuko kimoja kwenye maji ya nyuzijoto 95. Chujio lako likiwa la plastiki, badilisha.

11. Samaki wetu wana plastiki? Tuache kuwala?

Msiache. Lakini ndiyo, wanazo. Utafiti wa mwanzo kabisa kwa Maziwa Makuu ya Afrika, uliochapishwa 2016, ulitumia sangara na sato walionunuliwa Mwanza. Kwa kila aina, mmoja kati ya watano alithibitishwa kuwa na plastiki tumboni. Ilikuwa mifuko, vifungashio, nguo: taka zetu wenyewe, zilizotupwa mjini.

Nyingi hukaa kwenye utumbo, na utumbo tunautoa. Changu, sato au kibua akisafishwa vizuri, sehemu kubwa imekwisha. Dagaa ni jambo jingine kwa sababu huliwa mzima. Hapa ile desturi ya kuchambua dagaa, kuondoa kichwa na tumbo kabla ya kupika, ina faida ambayo mama zetu hawakuifikiria. Vivyo hivyo osha dagaa waliokaushwa chini kwa maji mengi, au nunua wa kwenye chanja, maana chini hukusanya vumbi la kila aina.

12. Chumvi je?

Chumvi ya bahari ina chembe hizi karibu kila mahali ilikopimwa duniani. Kiasi unachokula kwa siku ni kidogo, na kupunguza chumvi kunakufaa kwa presha kuliko kwa plastiki. Usihangaike zaidi ya hapo.

13. Sponji na vipodozi vina uhusiano gani?

Sponji ya rangi ya kuoshea vyombo na ule wavu wa kuogea ni plastiki inayosagika mikononi mwako. Dodoki linafanya kazi zote mbili, linaota kwenye uzio wa mtu yeyote, na likichakaa unalifukia. Kwa sufuria zenye ukoko, makumbi ya nazi yanatosha.

Sabuni za kusugua uso ziliwahi kujazwa punje za plastiki. Marekani ilipitisha sheria ya kuzizuia mwaka 2015, Uingereza ikafuata 2018, lakini bidhaa za namna hiyo huweza kufika masoko mengine. Soma pakiti, ukiona neno "polyethylene" kwenye viambato, rudisha rafuni. Kwetu pwani tuna liwa na singo, na bibi harusi hajawahi kulalamika.

## Barabarani na uani

14. Matairi yanahusikaje? Mimi nina bodaboda tu.

Tairi ikiisha kashata, yaani yale meno yake, ile kashata imekwenda wapi? Imebaki barabarani kama unga, na mvua ya kwanza huupeleka mtaroni. Matairi ya leo si mpira wa mti peke yake. Yana mpira wa sintetiki na kemikali. Mwaka 2020 watafiti wa Marekani waligundua kwamba kemikali moja itokanayo na unga huo ndiyo iliyokuwa ikiwaua samoni aina ya koho kwenye vijito vya jimbo la Washington.

Pikipiki husaga kidogo kuliko gari zito. Unachoweza: pima upepo kila wiki, acha kuondoka kwa fujo na kufunga breki ghafla, sawazisha magurudumu. Faida ya kwanza utaiona mfukoni, kwenye petroli na tairi. Daladala iliyojaa inabeba watu wengi kwa matairi machache, kwa hiyo abiria naye anachangia kwa kuiacha gari nyumbani.

15. Rangi za nyumba na mitumbwi?

Hizi husahauliwa sana. Hata ile tunayoiita rangi ya maji hushikwa na plastiki. Ukikwangua ukuta au boti, tandika turubai chini, kusanya vumbi lote, liweke kwenye taka. Brashi isioshwe mtaroni: ikamue kwenye gazeti kwanza, maji ya kuoshea yaache yatulie kwenye ndoo, ukoga wa chini uukaushe na kuutupa. Kwa ukuta wa nje, chokaa bado inafaa. Miji yetu ya mawe ilipakwa chokaa karne kadhaa, na ikibanduka inarudi kuwa udongo.

16. Tukichoma taka za plastiki, si tatizo limekwisha?

Hapana, umelihamisha. Moto wa uani hauna joto la kutosha. Moshi wake una sumu, hasa kukiwa na mabomba ya PVC au nyaya, na kwenye majivu hubaki vipande vilivyoungua nusu. Watoto ndio wanaovuta moshi huo. Chupa na ndoo zilizovunjika wape waokota taka, wao wanajua pa kuziuza. Zitenge safi na kavu ili wapate bei. Zilizobaki zifunge vizuri zisipeperuke.

## Afya

17. Zina madhara gani mwilini?

Zimekutwa kwenye damu, kwenye kondo la nyuma na mahali pengine mwilini. Mwaka 2024 madaktari wa Italia walichapisha utafiti wa wagonjwa 257 waliofanyiwa upasuaji wa mishipa ya shingo. Waliokutwa na plastiki kwenye mafuta ya mishipa walipata mshtuko wa moyo, kiharusi au kifo kwa kiwango cha mara nne na nusu ya wengine. Utafiti huo unaonyesha mambo hayo yanakwenda pamoja. Haujathibitisha kwamba plastiki ndiyo iliyosababisha. Atakayekuuzia dawa ya "kutoa plastiki mwilini" anakuibia.

Msimamo wangu ni kwamba kupunguza hakuhitaji kusubiri uthibitisho wa mwisho, kwa sababu hatua nyingi zilizotajwa hapa hazina gharama.

18. Ni kweli tunakula plastiki ya uzito wa kadi ya benki kila wiki?

Dai hilo la gramu 5 lilienea mwaka 2019. Makadirio ya baadaye yamelipinga vikali na kuonyesha kiasi kidogo mno kuliko hicho. Tusilitumie kuwatisha watu. Likishagundulika si sahihi, hata ukweli hautasikilizwa.

## Maswali magumu

19. Mfuko unaofanana na kitambaa, au ulioandikwa "unaoza", ni salama?

Ule mfuko mwepesi wa sokoni ulio kama kitambaa ni polipropilini. Jaribu kwa kiberiti kama kwenye swali la 7. Ukiutumia mara mia moja una maana. Ukiutumia mara moja umerudi kulekule. Mifuko iliyotiwa kemikali ili isambaratike haraka ni mibaya zaidi, kwani inatengeneza maikroplastiki kwa makusudi. Umoja wa Ulaya uliizuia kuanzia 2021. Kikapu cha ukili, kiondo au mfuko wa pamba havina maswali haya.

20. Nina tenki, ndoo na viti vya plastiki. Nivitupe?

Usitupe. Chombo kizima ni plastiki ambayo bado haijawa chembe, na lengo ni ibaki hivyo. Kiweke kivulini. Tenki lijengee kibanda cha makuti au mabati. Ndoo iliyoanza kutoa unga iondoe kwenye maji ya kunywa, iweke kazi nyingine ya kivulini, na ikivunjika fuata swali la 16.

21. Mvuvi au mkulima wa mwani afanye nini? Kamba zote siku hizi ni za plastiki.

Ni kweli, na sitamwambia mama wa Jambiani, Zanzibar, aache kazi inayomlisha. Vile vikamba vya kufungia miche ya mwani vikikatwa visiachwe kwenye maji. Mtu avae kipochi kiunoni avikusanye. Kamba isiyotumika isiachwe juani. Nyavu zilizochanika zirudi nchi kavu. Halmashauri na wanunuzi wa mwani wanapaswa kuweka mahali pa kupokea kamba kuukuu, na vikundi vina haki ya kulidai hilo wakati wa kupanga bei.

22. Nimeokota punje nyeupe ufukweni, kama dengu. Ni mayai ya samaki?

Iminye kwa kucha. Yai hupasuka, hii haipasuki. Ni malighafi ya viwandani, inayoyeyushwa kutengenezea ndoo na chupa, na humwagika bandarini, kwenye malori na melini. Oktoba 2017 dhoruba ilimwaga tani 49 bandarini Durban, zikasambaa pwani ya Afrika Kusini. Mwaka 2021 meli X-Press Pearl iliungua karibu na Colombo, Sri Lanka, na kumwaga shehena ya punje hizo iliyokaribia tani 1,700.

Watoto wasiziweke mdomoni, maana hunyonya kemikali za majini. Zikusanye kwa chekeche mstari wa juu wa maji kujaa, ambako hurundikana na majani makavu. Zitie kwenye chupa yenye kifuniko, andika tarehe na mahali, piga picha. Zikiwa chache, zitupe pamoja na taka zilizofungwa. Zikiwa nyingi kwa siku moja, peleka chupa hiyo kwa mamlaka ya mazingira: NEMC kwa Tanzania Bara, ZEMA kwa Zanzibar au NEMA kwa Kenya, pamoja na kikundi cha usimamizi wa fukwe cha eneo lako, siku hiyohiyo kabla maji hayajajaa tena.